Vyumba vya Kupangisha katika Mji wa Dodoma

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kazi ambayo watu wengi wa nchi hii ya kati wameishika, na wengi zaidi waitamani, yaani kazi ya kujenga nyumba ya vyumba na kuwapangisha watu wengine. Hapo zamani mtu wa Ugogo aliyekuwa na akiba aliiweka katika ng'ombe. Ng'ombe huzaa, hutoa maziwa, hulipa mahari, tena huonekana kwa macho. Lakini ng'ombe hufa kwa ukame, na wazee walisimulia habari za njaa ile kuu iitwayo Mtunya, iliyodumu tangu 1917 hata 1920, jinsi utajiri wa zizini ulivyotoweka mbele ya macho ya wenyewe. Siku hizi mwenye akiba hununua kiwanja. Mwalimu astaafuye hufikiri kiwanja kabla hajapokea kiinua mgongo chake. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi, akiuza vizuri, hufikiri matofali. Mjane aliyeachiwa nyumba kubwa hufikiri kuigawa ili watoto wasome kwa kodi ya vyumba. Kwa watu kama hao fedha hii haiji mara mbili. Tajiri akikosea hujenga nyingine; mstaafu akikosea hubaki na kuta bila paa, na uzee umekwisha kumfikia. Kwa hiyo yatupasa kulitazama jambo hili polepole.

Kwanza tujue mji wenyewe. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma mwaka 1910, na pamoja na reli wakaja wageni: makarani, mafundi, wachuuzi na askari. Mgeni hana nyumba, basi hutafuta chumba. (Wagogo hawakushangaa kuona mgeni akilipa. Kabla ya reli, misafara iliyopita Ugogo ilitoa hongo kwa watemi ili ipewe maji na njia.) Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu ya Serikali yahamie Dodoma, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo watu wengi waliijua kwa herufi zake tatu, CDA. Kazi ya kuhama ilikusudiwa kumalizika kwa miaka kumi. Haikumalizika. Wako watu waliojenga nyumba za kupangisha kwa kuitazamia Serikali, wakaingoja miaka arobaini na zaidi. Ni mwezi wa Julai 2016 tu ndipo Rais Magufuli alipotangaza kwamba Serikali itahamia kweli, na Waziri Mkuu akatangulia mwaka huo huo. Mwaka 2017 CDA ikavunjwa na kazi zake zikapewa Halmashauri, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo la mji. Sensa ya 2022 ikahesabu 765,179. Hao zaidi ya laki tatu na nusu walioongezeka kwa miaka kumi hawakuja na nyumba vichwani. Kodi ikapanda, na kila mwenye kiwanja akaanza kufyatua matofali.

Lakini msiitazame idadi hiyo peke yake mkashangilia. Wajengaji nao wameongezeka. Shirika la Nyumba la Taifa limejenga kule Iyumbu, na mashirika mengine ya umma yamejenga mahali pengine. Tena tangu Julai 2024 gari moshi la umeme hufika Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa muda usiozidi saa nne hivi, na mtumishi mwenye watoto shuleni Dar es Salaam aweza kuwaacha huko, naye akapanga chumba kimoja tu hapa badala ya nyumba nzima. Sisi twaona kwamba mtu mdogo akishindana na mashirika kwa nyumba kubwa za maofisa, ataumia. Bora ajenge vyumba vya watu ambao mashirika hayawajali sana: karani kijana, muuguzi, fundi, muuza duka, mama lishe, mwanafunzi wa chuo.

Na hapa tukumbushane jambo la historia, maana vijana hawalijui. Katika nchi yetu kazi ya upangishaji ilipata kuwa kazi ya aibu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi wa chama na wa Serikali kuwa na nyumba za kupangisha, kwa sababu mtu aketiye kitako na kula jasho la mwingine alihesabiwa kuwa mnyonyaji. Mwaka 1971 ikatungwa sheria ya kutwaa majengo, na nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikachukuliwa na Serikali. Tena kwa miaka mingi palikuwa na sheria ya kuzuia kodi isipandishwe ovyo. Ile ya mwisho ilitungwa mwaka 1984, ikafutwa mwaka 2005. Hatusemi haya ili kuwatisha. Twasema ili mwenye nyumba ajue kwamba neno mnyonyaji halikutoka hewani. Lilitoka vinywani mwa wapangaji waliokaa katika vyumba vinavyovuja na kulipa kila mwezi. Siku hizi hakuna sheria ya kukuambia chumba chako ni shilingi ngapi, na kwa hiyo mzigo wote wa haki umewekwa juu ya dhamiri yako na juu ya karatasi ya mkataba.

Sasa tuje kwenye kiwanja. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Mtu hupewa haki ya kuitumia kwa miaka iliyotajwa katika hati. Basi anayekuuzia anakuuzia haki yake, na kama hana haki, amekuuzia upepo. Nenda mwenyewe katika ofisi ya ardhi ya Jiji ukaulize namba ya kiwanja, jina la mwenyewe, na kama kiwanja kimewekwa rehani. Usimtume dalali akuulizie. Uliza na majirani, kwa maana katika mji huu yako mashamba ya wenyeji yaliyopimwa viwanja, na wenyewe husema hawakulipwa; ukijenga juu ya ugomvi, utakuwa umeurithi. Kadhalika kama nyumba unayotaka kuipangisha ndiyo ile mnayokaa na mkeo au mumeo, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja aitoe kwa kuuza au kupangisha bila ridhaa ya mwenzake. Wanaume wengi hulisahau jambo hili, na wake zao hulikumbuka siku dalali anapoleta mtu.

Mahali pa kujenga pafuate miguu ya mpangaji. Mwenye kazi katika Mji wa Serikali pale Mtumba hutazama Ihumwa, Nzuguni na njia yote iendayo Dar es Salaam. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, hutazama Ng'hong'ona na jirani zake. Wa Chuo cha Mipango hutazama Miyuji. Mfanyabiashara wa soko hatataka kuondoka Majengo au Chang'ombe hata ukimpa chumba chenye marumaru. Lakini wapangaji wa namna mbili wana hila ya majira. Wanafunzi huondoka wakati wa likizo ndefu, na chumba hubaki kitupu au hukaa na mizigo isiyolipiwa. Na wale wanaopanga kwa ajili ya Bunge, hasa lile la bajeti linaloanza Aprili hata mwisho wa Juni, huja na fedha nzuri na kuondoka nayo. Anayejenga kwa ajili ya miezi mitatu ajue kwamba mwaka una miezi tisa mingine.

Udongo nao una maneno yake. Mahali pa mbuga, penye udongo mweusi wa mfinyanzi, ardhi hupasuka kiangazi na kuvimba masika, na ukuta ulio juu yake hupasuka vilevile. Hapo msingi wahitaji fundi mwenye elimu, wala si ndugu aliyejifunza kujenga mwaka jana. Tena nchi yetu iko karibu na bonde kuu la ufa, na mara kwa mara ardhi hutetemeka. Mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, wenye nondo, si anasa. Mchwa wa nchi hii hali mbao tu, hula hata matumaini: tia dawa katika msingi kabla hujajaza kifusi, kwa sababu baadaye utaitia juu ya hasara. Upepo wa Dodoma, ule uletao vumbi kati ya Julai na Oktoba, huinua bati lililopigiliwa misumari michache. Wagogo walijenga tembe kwa akili: ukuta mfupi, paa bapa la udongo, nyumba iliyolala chini upepo upite juu yake, baridi mchana na joto usiku. Sisi tumeweka bati na kuta ndefu, na sasa chumba cha mpangaji saa nane mchana ni tanuri. Haturudi kwenye tembe. Lakini dari na madirisha yanayotazamana vingewasaidia sana watu, na gharama yake si kubwa kama watu wanavyodhani.

Katika yote hayo, neno kubwa ni maji. Mji hupata maji yake zaidi katika visima virefu vya Makutupora, na watu wameongezeka kuliko visima, hata zamu ya maji imekuwa jambo la kawaida katika mitaa mingi. Nyumba mbili zikiwa sawa kwa yote, moja ina tangi na nyingine haina, mpangaji ataichagua ile yenye tangi, na atakaa miaka. Enyi wanafunzi mnaosikiliza, chukueni kalamu tufanye hesabu. Dodoma hupata mvua ya kiasi cha milimita 570 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Paa la nyumba yenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 10 ni mita za mraba 120. Zidisha kwa milimita 570, mtapata lita 68,400. Tuseme robo yamwagika au yapotea. Zabaki lita 51,300. Kama nyumba ina kaya sita, na kila kaya yatumia lita 100 kwa siku, maji hayo yangewatosha siku 85. Bila shaka tangi la lita 5,000 haliwezi kuyashika yote kwa pamoja. Lakini hujaa kwa mvua mbili tatu nzuri, hutumika, likajaa tena, na katika miezi ya mvua mwenye nyumba hupunguza ankara ya maji. Walakini twapita katika mitaa tukaona nyumba za mamilioni zisizo na hata mfereji wa bati ukingoni mwa paa. Maji yashuka, yachimba msingi, yaenda zake, na kesho yake mama wa nyumba yuko njiani na madumu akitafuta maji ya kununua.

Kwa kuwa kalamu ziko mkononi, tuendelee na hesabu ya fedha, maana hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya. Tuseme mtu ametumia shilingi 30,000,000 kujenga nyumba ya vyumba sita, na kila chumba akipangisha kwa shilingi 50,000 kwa mwezi. (Hesabu hii ni ya mfano tu, kila mtaa una bei yake.) Mara sita ni 300,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 3,600,000. Mtu hugawanya 30,000,000 kwa 3,600,000, hupata miaka minane na miezi minne, naye hulala usingizi mtamu. Lakini hesabu haijaisha. Hakuna chumba kisichokaa kitupu. Tuseme kila chumba hukosa mtu mwezi mmoja katika mwaka. Ondoa 300,000, zabaki 3,300,000. Weka sehemu ya kumi kwa matengenezo: kitasa, rangi, bati, bomba. Hiyo ni 330,000. Weka sehemu nyingine ya kumi kwa kodi ya Serikali juu ya mapato ya pango: 330,000. Kodi ya jengo, 18,000. Gari la kunyonya choo, taa ya uani, nauli na mengineyo, tuseme 222,000. Sasa zimebaki 2,400,000. Gawanyeni tena: miaka 12 na nusu. Mtu wa miaka 60 atakuwa na miaka 72 na nusu fedha yake itakaporudi mkononi mwake, na tangu hapo ndipo faida inapoanza. Je, ni kazi mbaya? Hapana, maana nyumba ingali ipo na ardhi imepanda thamani. Lakini mwenye kukopa benki ili ajenge, akidhani kodi italipa deni na kumlisha pia, na afanye hesabu hii mara mbili kabla hajatia sahihi.

Kuhusu hiyo kodi ya Serikali, tuseme kidogo. Ofisi au kampuni ikikupangia nyumba, sheria huitaka ikate asilimia 10 ya pango na kuipeleka Mamlaka ya Mapato. Usigombane nao, bali dai karatasi ya kuthibitisha. Na kodi ya jengo, tangu Agosti 2021, hukatwa katika umeme wa LUKU: kwa nyumba ya kawaida ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikawa 1,500. Sasa tazameni. Anayenunua umeme ni mpangaji, lakini jengo ni lako na kodi ni yako. Haki ni kumrudishia ile 1,500 katika pango lake. Ni fedha ndogo sana, bei ya mkate. Kwa sababu hiyo hasa ni kipimo kizuri cha mwenye nyumba. Na wapangaji hukipima kimya kimya.

Sasa tuje kwa mpangaji mwenyewe. Desturi iliyoenea mijini ni kumdai mpangaji kodi ya miezi sita, na wengine mwaka mzima, kabla hajaingiza godoro. Juu ya hiyo dalali hutaka kodi ya mwezi mmoja. Sisi hatuisifu desturi hii. Muuguzi kijana hulipwa mwezi kwa mwezi; chumba cha 50,000 kikitakiwa miezi sita pamoja na dalali, ni lazima awe na 350,000 siku moja, basi hukopa kwa riba, na mwezi wa saba ukifika hana kitu tena, kwa kuwa alikuwa akilipa deni. Mwenye nyumba naye akipokea 300,000 kwa mkupuo huila kwa mkupuo, kisha bomba likipasuka mwezi wa tatu hana senti. Hivyo wote wawili wameumia kwa kitu ambacho kila mmoja alidhani ni usalama. Miezi mitatu yatosha. Kama unaogopa uharibifu, chukua amana ya mwezi mmoja, uiandike, uiweke mahali pake usiitumie, na umrudishie siku atakapotoka ikiwa chumba ni kizima. Jina lako litatembea kuliko la dalali yeyote, maana mpangaji mwema huletwa na mpangaji mwema.

Katika kumchagua, uliza kazi yake, alipokaa kwanza na sababu ya kuondoka, na umtambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa kama ipasavyo. Hayo ni haki yako. Bali wako wenye nyumba wanaokataa mama mwenye watoto, au msichana asiye na mume, wakisema wataleta matata. Tumeona mara nyingi matata yakiletwa na bwana mwenye suti. Mama mwenye watoto shuleni hahami ovyo, hulipa kwanza kodi kabla ya kununua kitenge, na ua wake hufagiwa. Na yuko mwenye nyumba, tena mtu mzima, anayeugonga mlango wa mpangaji wa kike usiku kwa kisingizio cha kudai kodi. Huyo asijiite mwenye nyumba. Akisha kumkabidhi ufunguo, chumba ni cha mpangaji mpaka siku zake ziishe. Kuingia ni kwa kubisha, mchana, na kwa habari iliyotangulia.

Mkataba uandikwe. Watu husema, "Sisi ni ndugu, ya nini karatasi?" Kwa kuwa ni ndugu, ndiyo sababu iandikwe, ili undugu usiharibike. Haihitaji Kiingereza wala maneno marefu. Taja majina ya wawili, chumba chenyewe, kodi ni kiasi gani na hulipwa lini, amana, nani hulipa maji na umeme na taka, nani hutengeneza kitu gani, na notisi ya kutoka ni ya muda gani. Andikeni hali ya chumba siku ya kuingia: vioo vizima vingapi, vitasa vingapi, rangi ikoje. Nakala mbili, sahihi za wote wawili na shahidi wa kila upande. Kisha kila fedha inayopokelewa itolewe stakabadhi, hata ikiwa imelipwa kwa simu. Kitabu cha stakabadhi hakina bei kubwa, nacho kimewahi kuokoa nyumba za watu.

Sheria ya Ardhi, namba 4 ya mwaka 1999, ina sehemu nzima juu ya upangishaji, na mambo mengine imeyaweka hata kama ninyi hamkuyaandika. Mwenye nyumba humwacha mpangaji akae kwa amani. Nyumba ya kukaa watu na iwe yafaa kukaliwa na watu. Penye vyumba vya watu wengi, paa, kuta kubwa, mifereji na njia za wote ni juu ya mwenye nyumba. Mpangaji naye hulipa kodi kwa wakati, hukitunza chumba na kukirudisha katika hali njema. Kama hamkutaja muda, na kodi hulipwa mwezi kwa mwezi, upangaji huhesabiwa kuwa wa mwezi kwa mwezi, na notisi haipungui mwezi mmoja. Basi yule anayemwambia mtu leo jioni, "Kesho sitaki kukuona," amesimama nje ya sheria.

Na asiyelipa je? Hapa ndipo hasira inapowaingiza watu hasarani. Twasikia mwenye nyumba ameng'oa mlango, au ameezua bati juu ya kichwa cha mpangaji, au ameutupa mzigo wake nje kwenye mvua. Mpangaji aliyekuwa na deni la 100,000 huja na madai ya televisheni iliyoloa, nguo zilizopotea na mtoto aliyeugua, na mdai amegeuka mdaiwa. Anza kwa kusema naye, ukajue kama ni msiba au ni ukaidi. Mtu aliyefiwa na mtu aliyezoea kukwepa si mamoja. Kisha mwandikie barua yenye tarehe. Ikishindikana, nendeni mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kisha Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata halihukumu tena mashauri ya ardhi, kazi yake ni kupatanisha. Yakishindikana hapo, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko ndiko hukumu inakotolewa. Njia hii ni ndefu, hatukatai, nayo huchosha. Lakini mwenye mkataba na stakabadhi hutembea humo akiwa ametulia, na asiyekuwa navyo hubaki akiapa kwa Mungu mbele ya watu wasiomjua.

Yabaki mambo ya uani, ambayo ni madogo na ndiyo huvunja nyumba nyingi. Umeme wa mita moja kwa kaya sita ni chemchemi ya ugomvi: mmoja ana jokofu, mwingine ana taa moja, na wote hutakiwa kuchanga sawa. Weka mita ndogo kwa kila chumba; gharama yake utaimaliza kuisahau, ugomvi hutausahau. Choo kimoja kwa watu ishirini si choo. Zamu za kufagia na kudeki ziandikwe na kubandikwa ukutani, na kama mwenye nyumba anakaa humo humo, jina lake liwe la kwanza katika zamu. Kodi ukitaka kuiongeza, toa habari miezi mitatu kabla, ueleze sababu, wala usiongeze kwa sababu umesikia jirani ameongeza. Huenda chumba cha jirani ni kitupu tangu mwezi uliopita naye haoni haya kukuficha.

Mpangaji anapotoka, ingieni chumbani pamoja mkiwa na ile karatasi ya siku ya kwanza. Rangi iliyochujuka kwa jua na kitasa kilicholegea kwa kuzoea mikono ni uchakavu wa kawaida, na gharama yake imekwisha kulipwa ndani ya kodi. Kioo kilichovunjwa na mlango uliotobolewa ni juu yake, nacho kikatwe katika amana kwa bei ya fundi, stakabadhi ikionyeshwa. Inayobaki apewe siku hiyo hiyo kabla mkokoteni haujaondoka. Kisha, kabla hujamwita mtu mwingine, kitazame chumba kwa macho ya anayekuja: paa, dari, waya, mfereji wa bati. Kazi hiyo ya juu ifanyeni Novemba, ngazi zikiwa bado zinaazimika kwa majirani, maana Desemba kila mtu huitaka yake.